Kifuniko cha Udongo

Maman Eulalie alipenda kwa hasira. Akimpenda mtu alimgombeza, na akipenda kitu alikilinda mpaka majirani wakachoka. Kitu alichokipenda kuliko vyote, baada ya mjukuu wake, kilikuwa mti mchanga wa avoka, yaani parachichi, uliosimama nyuma ya nyumba yake, kule juu kabisa ya mtaa wa Kadutu, mjini Bukavu, ambako nyumba zimepandana mlimani hata uwanja wa huyu unalingana na bati za yule wa chini. Mti wenyewe haukuwa na la kujivunia. Ulimfika kifuani, shina lake lilijaa kiganja tu, na majani yake yalikuwa na vumbi wakati wote. Lakini ole wake ambaye angetundika nguo juu yake.

Chini ya mti huo alikuwa amezika kitovu cha Akonkwa, mtoto wa binti yake Rosette. Katika ukoo wao kitovu cha mtoto huzikwa kwenye shina la mgomba. Rosette alikuwa amezaa mara mbili kabla ya Akonkwa, vitovu vyote viwili vikaenda kwenye migomba kama desturi ilivyotaka, na watoto wote wawili walikufa kabla hawajajua kutembea. Anayetaka kucheka acheke. Eulalie hakucheka, alikaa akawaza, akaona kosa liko wapi. Mgomba ukishatoa mkungu hukatwa. Unampa mtoto mwenzake wa kukatwa, halafu unashangaa? Akonkwa alipozaliwa, bibi huyu alikwenda sokoni akanunua mche wa avoka, mti unaoweza kumzidi mtu umri, akachimba shimo kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo pumzi ya mtoto na pumzi ya mti kwake zilikuwa pumzi moja. Padri hakuulizwa.

Shida ilikuwa maji. Kiangazi kikiingia, udongo wa mlima ule hukauka ukawa mgumu, na maji ya beseni ukiyamwaga hapo juu hayaingii. Yanateremka mbio, yanapita chini ya ua, yanakwenda kumwagikia jirani. Ni Rosette aliyeleta dawa. Alikuwa mchuuzi wa mananasi, siku nyingi yuko kisiwani Idjwi, na kule alikuwa amewaona wakulima wakifukia vyombo vyenye matundu kando ya miche yao ya kahawa. Siku moja aliporudi alichukua kidumu cha njano, kile ambacho Bukavu nzima inakiita bidoni, akapasha moto sindano ya kushonea magunia, akatoboa matundu madogo upande wa chini, kisha akakifukia kando ya mti mpaka shingoni. Mdomo tu ndio uliobaki juu ya ardhi, na kifuniko chake cha plastiki.

"Maman, unaijaza, unafunga, unaenda kazi yako," Rosette alisema. "Mayi itatoka polepole, juma muzima muti itakunywa."

"Na matundu yote ile? Itamalizika mbio."

"Hapana. Kifuniko yake ya kweli iko udongo. Udongo ikishika bidoni nguvu, mayi haina njia. Udongo ikiachia, njo mayi itakimbia."

Eulalie alisikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa kwa Akonkwa, aliyekuwa akitia mchanga mdomoni.

Bidoni yenyewe ilikuwa zawadi. Aliitoa Papa Philémon, jirani wa chini, siku ya ubatizo wa mtoto. Mpya kabisa, imefungwa utepe mwekundu kana kwamba ni keki. Philémon alikuwa mjane, fundi viatu aliyeacha kazi kwa sababu ya macho, mtu wa kuanzisha nyimbo kwenye shirika, ule umoja wa majirani Wakatoliki wanaokutana kila juma kusali nyumbani kwa mmoja wao. Bati za nyumba yake zilikuwa chini kidogo tu ya mti wa avoka, na hilo likawa utani wao.

"Avoka yenye itaanguka ku bati yangu iko yangu," alikuwa akisema.

"Utaikula na meno gani, Papa?" Eulalie alimjibu, na wote wawili walicheka.

Mwaka wa kwanza bidoni ilifanya kazi yake vizuri. Eulalie alibeba maji kutoka kwenye robine, lile bomba la njia kubwa, akaijaza siku ya Jumapili baada ya misa, na Jumapili iliyofuata aliikuta bado ina maji kidogo chini. Mti ukatoa majani mapya. Akonkwa akasimama, akatembea, akaanza kukimbia. Hesabu ya Eulalie ilikuwa imekubali.

Kiangazi cha mwaka uliofuata ndipo mambo yalipoharibika. Jumapili alijaza. Jumatano alipita akaipiga bidoni kwa kidole cha mguu, ikalia tupu. Alidhani alisahau. Akajaza tena, na safari hii haikufika hata siku mbili. Udongo kando ya mti ulikuwa mkavu, umepauka, hakuna dalili ya maji yaliyomwagika popote. Eulalie akashika kiuno, akazungusha macho uwanjani, akakata shauri kwamba kuna mwizi.

Alichukua utepe mwekundu, ule ule wa zawadi, akaufunga kwenye kifuniko kwa namna ambayo mtu hawezi kufungua bila kuukata. Kesho yake asubuhi utepe ulikuwa mzima, fundo lake vile vile. Alifungua. Ndani hamkuwa na tone.

Alipiga magoti akaweka sikio kwenye mdomo wa bidoni. Kwanza alisikia mapigo ya moyo wake tu. Kisha akasikia maji yakidondoka, mbali sana, chini, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na nafasi ya kitu kudondoka. Jua lilikuwa limeshachomoza, akina mama walikuwa wanapita na bidoni zao wakisalimiana, na yeye mwili ulimsisimka hadi nywele. Alisimama akajipangusa magoti, akajipiga ishara ya msalaba, kisha akaijaza tena, maana angefanya nini? Mti ulitaka kunywa.

Kulikuwa na mambo mengine, madogo madogo. Mlango wa jikoni ulianza kukataa kufunga, akamlaumu seremala. Ukuta wa chumba cha Akonkwa ulipasuka mstari mwembamba karibu na kitanda. Akamlaumu fundi mwashi, akaziba kwa udongo, na baada ya siku chache mstari ulikuwa umefunguka tena, mrefu zaidi. Mti nao ulianza kuinama kuelekea kwa Philémon. Aliusimikia mti wa kuegemea, akaufunga kwa kitambaa, akaukaripia usimame vizuri. Hakuna aliyeviweka vitu hivi pamoja. Kila kimoja kilikuwa na mtu wake wa kulaumiwa.

Asubuhi moja Philémon alipanda ngazi za udongo zilizounganisha nyumba zao. Alivua kofia.

"Bonjour, maman Eulalie. Nakuya juu ya mayi."

"Mayi gani?"

"Ukuta yangu ya nyuma, pale kitanda iko. Iko inatoka jasho. Na kiangazi yote hii! Godoro nilitosha inje. Nawaza ile mayi inatoka huku kwako. Tuangalie pamoja, pengine chini huku udongo..."

Hakumaliza. Eulalie alikuwa amesimama na mwiko mkononi, na kitu ndani yake kilikuwa kimekaa sawa, kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli lake.

"Kumbe," alisema polepole. "Mayi yangu iko kwako."

Philémon akacheka, akidhani ni ule utani wao wa siku zote. Alipoona hakuna anayecheka naye, alivaa kofia akateremka.

Siku hiyo hiyo Eulalie alipanda kwa Mapendo, rafiki yake wa nyumba ya juu, mwanamke aliyekuwa na jibu la kila swali hata kabla ya kuulizwa. Alimweleza yote: maji, utepe, sauti ile ya chini, ukuta wenye jasho. Mapendo alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Mikono yake ikasimama.

"Ile bidoni, alikupa nani?"

Eulalie aligeuka akaziangalia bati za Philémon. 

"Unaona?" alisema Mapendo. "Mutu hana mujukuu, mutoto wake mumoja tu, Destin, na ule iko kule Mwenga kwa machimbo ya zahabu, harudi. Mutu iko peke yake, anazeeka. Anakupa kintu ya kuweka mayi, unaiweka ku kitovu ya mutoto. Iko anakunywa nini, unawaza?"

Labda hata hapo angejizuia, maana alimpenda mzee yule. Lakini juma hilo Akonkwa alipata homa. Watoto wengi mtaani walikuwa nayo, vumbi la kiangazi huleta, na muuguzi wa kituo cha afya alisema hivyo hivyo. Eulalie alimshika mtoto kifuani, mwili wake ukiwaka, akatazama dirishani akaona majani ya avoka yamelala, yote, kichwa chini. Alikuwa amekwisha kuwaona wawili wakienda hivi. Hofu aliyokuwa nayo haikuacha nafasi ya kitu kingine, na mtu mwenye hofu ya namna hiyo humpa Mungu na shetani amri kwa mdomo mmoja.

Shirika lilikutana kwa Mapendo. Philémon alianzisha wimbo, sauti yake nzuri ikatetemeka kidogo mwishoni kama kawaida. Ilipofika zamu ya nia za sala, Eulalie alisimama.

"Mi naomba Mungu afunge mukono ya ule anaiba mayi ya mujukuu wangu. Mayi inatoka bila kufungua kifuniko. Inapita chini ya udongo, inaenda mu nyumba ya mutu. Na ule mutu alikuya mwenyewe kunielezea. Papa Philémon, rudisha pumzi ya mutoto."

 Philémon alitazama huku na huku na macho yake mabovu, kama mtu aliyesikia jina la mwingine.

"Maman," alisema, "bidoni nilikupa juu ya furaha. Mutoto alibatizwa."

"Njo vile mulozi anafanya," akasema mtu nyuma, wala haikujulikana ni nani.

Walipofika kwenye kupeana amani, mkono wa Philémon ulibaki hewani. Akauangalia, akaurudisha mfukoni, akatoka kabla ya baraka.

Siku mbili baadaye homa ya Akonkwa ilishuka. Dawa ya kituo ilikuwa imefanya kazi yake, lakini nani angemwambia Eulalie habari ya dawa? Alikuwa ametamka, na mtoto alikuwa amepona. Mtaani kote ikawa hivyo. Akina mama waliwavuta watoto wao wakipita mbele ya nyumba ya Philémon. Mawe yalianza kuanguka juu ya bati zake mchana kweupe. Mtu aliandika kwa makaa kwenye mlango wake neno lile, mulozi, yaani mchawi, na mzee alilifuta kwa kitambaa chenye maji, na kesho yake likaandikwa tena.

Siku moja Eulalie akiwa anaanika nguo alimsikia Philémon chini akizungumza kwenye simu, kwa sauti kubwa kama wazee wafanyavyo. Aliyepiga alikuwa Destin, mwanawe, kutoka Mwenga.

"Hapana, mwana wangu. Sitakuya... Najua. Lakini nikitoka hapa leo, batasema nimekimbia. Nikitoka, nimekubali. Nitabaki mu nyumba yangu mpaka banielewe."

Eulalie alisimama na shati la Akonkwa mkononi, likimdondokea miguuni. Alisikia aibu ikimchoma, ndogo, lakini ya kweli. Kisha akaangalia bidoni. Alikuwa ameijaza asubuhi. Akaipiga kwa mguu, ikalia tupu. Aibu ikapotea, ikaja hasira, maana hasira ilikuwa rahisi kubeba.

Mvua ya kwanza ya Septemba ilinyesha alasiri, ghafla, ikapiga bati hadi watu wakawa wanaongea kwa ishara. Eulalie alitoka uwanjani amefunika kichwa kwa beseni. Aliona maji yakimwagika kutoka kwenye mfereji wa bati za jikoni, mengi, ya bure, na wazo likamjia ambalo alilifurahia sana. Alitafuta kipande cha mpira wa maji, akafunga ncha moja kwenye mfereji kwa raba ya tairi, ncha ya pili akaiingiza kwenye mdomo wa bidoni.

"Kama anakunywa," alisema kwa sauti, akiangalia bati za chini, "leo akunywe mpaka apasuke."

Maji yote ya bati za jikoni yakaingia kwenye bidoni ile, na bidoni haikujaa. Mvua ilinyesha saa nzima, na haikujaa. Eulalie aliisimamia, mvua ikimwingia shingoni, akisubiri maji yafike mdomoni yafurike. Hayakufika. Mwishowe aliingia ndani, akafunga mlango wa jikoni kwa kuusukuma na bega, na mpira akauacha pale pale.

Ikanyesha kesho yake, na siku iliyofuata. Maboti ya Idjwi yalisimama, Rosette akapiga simu kusema hatarudi juma hilo. Mlima mzima ulinuka udongo mbichi.

Kisha ikaja asubuhi moja ya mawingu mazito, mvua ikiwa imepungua kidogo. Eulalie alitoka kuutazama mti. Ulikuwa umesimama wima. Ndilo jambo la kwanza aliloliona, na alifurahi: mti umenyooka, majani yameinuka, kijani kibichi. Akasogea. Mti wa kuegemea aliokuwa ameusimika ulikuwa umeng'oka, umelala. Kitambaa kilikuwa kimekatika. Mti haukuwa umenyooka wenyewe. Ardhi iliyoushika ndiyo iliyokuwa imegeuka.

Kati ya bidoni na udongo wa upande wa juu palikuwa na nafasi. Mkono ungeweza kupita. Ufa ulianzia hapo ukaenda kulia, ukapita chini ya ua, ukaenda kushoto mpaka kwenye kona ya jikoni, na upande wa chini wa ufa ulikuwa umeshuka, kama ngazi. Alichukua ule mti wa kuegemea akauingiza kwenye ufa. Ukaingia wote. Aliuachia, akausikia ukigonga, ukigonga tena, halafu maji.

"Udongo ikiachia, njo mayi itakimbia." Sauti ya Rosette ilimjia wazi kuliko siku alipoyasema maneno hayo. Hakukuwa na mwizi. Hakukuwa na mtu aliyekunywa kitu. Mlima ulikuwa unafunguka tangu kiangazi, bidoni ikiwaambia kila juma, na mzee mmoja alikuwa amepanda ngazi na kofia mkononi kuwaambia vile vile.

Alichomoa mpira kwenye bidoni.  Akaingia mbio, akamnyakua Akonkwa kitandani pamoja na blanketi, akampandisha kwa Mapendo, akamwacha mlangoni bila neno la maelezo. Kisha akateremka, akapita nyumba yake mwenyewe bila kugeuka, akashika ngazi za udongo. Aliteleza, akakaa, akainuka, akafika kwa Philémon ametapakaa tope.

"Papa Philémon! Toka! Mulima inaanguka!"

Sauti ikatoka ndani, ya utulivu. "Nani?"

"Mi Eulalie. Toka, Papa, nakuomba. Udongo imepasuka kule juu. Haikuwa weye. Mayi ilikuwa inaingia mu ufa. Toka!"

Mlango ulifunguka nusu. Alikuwa amekonda. Eulalie aliona anavyomtafuta kwa macho yale mabovu kwenye mwanga wa asubuhi.

"Uliniita mulozi mbele ya Mungu," alisema. "Leo unataka nitoke. Inje kuko nani na mawe?"

"Hakuna mutu! Naapa!"

"Basi hakuna mutu wa kusikia."

Eulalie alipiga magoti palepale kizingitini, kwenye tope. "Nisamehe. Nilikusingizia. Nilikuwa na woga juu ya mutoto. Toka kwanza, utanitukana kisha."

"Sina matusi, maman." Sauti yake ilitetemeka mwishoni, kama kwenye nyimbo. "Hii yenye unasema, uiseme mbele ya wale walisikia ile ingine. Kaite watu ya shirika. Bakuye hapa, ku mulango yangu, useme, banipe mukono. Njo nitatoka. Bila vile nitakuwa mutu mwenye alikimbia."

Alimvuta mkono, mzee akajichomoa, si kwa nguvu, ila kwa namna ya mtu aliyekwisha kuamua. Eulalie aliona hakuna njia nyingine, na njia hiyo ilikuwa ya kupanda. Akapanda. Katika maisha yake yote hakupata kukimbia vile, mama mzito wa umri wake, akishika mizizi na nguzo za ua, akipiga milango kwa viganja viwili. "Kuyeni! Kuyeni kwa Papa Philémon! Nilimusingizia! Kuyeni nimuombe musamaha!" Wengine walidhani ana wazimu. Mapendo alitoka, binti yake nyuma na Akonkwa mgongoni. Wakatoka wengine, wakifungua miavuli, wakiulizana, wakitafuta viatu vya tope. Yeye aliwavuta kwa mikono. Mvua ilikuwa imeanza tena.

Walikuwa wamefika kwenye kona juu ya nyumba ya Eulalie, watu wa shirika, yeye mbele, waliposikia. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama gunia zito linaloburutwa sakafuni, mrefu, halafu bati zikalia mara moja. Jiko la Eulalie halikuwepo. Mahali pa uwanja wake palikuwa na ukingo mwekundu, umekatwa, na maji yakichuruzika. Nyumba yake ilikuwa imebaki na kuta tatu za chumba cha nyuma, na kitanda cha Akonkwa kilionekana kwa nje.

Chini, pale ilipokuwa nyumba ya Philémon, palikuwa na udongo. Juu ya udongo huo, wima, majani yake yote yakiwa yameoshwa na mvua, ulisimama mti wa avoka. Ulikuwa umeteremka na ardhi yake, mzima, na bidoni ya njano ubavuni.

Wanaume walishuka na majembe na masepetu. Wakasimama, hawajui pa kuanzia, maana hapakuwa na ukuta wala mlango wa kuonyesha chumba kilikuwa wapi. Eulalie alijua. Kwa miaka alikuwa ameziangalia bati zile kutoka juu. Alitazama kingo za mlima, akapima kwa macho, akatazama tena kwa sababu hakutaka iwe hivyo.

"Chini ya muti," alisema.

Hakuna aliyesogea. Wote walijua mti ule ni wa nani, na nini kimezikwa mle. Mapendo alisema, "Eulalie, ile iko mutoto." Eulalie alimnyang'anya mtu mmoja jembe, akapiga shinani. Akapiga tena, akilia, akiita jina la mjukuu wake kila pigo, hata watu wakageuza nyuso. Mizizi ilikuwa bado michanga. Alilitupa jembe, akaushika mti kwa mikono miwili akaung'oa, akauweka kando na mizizi yake juu. Bidoni ikafuata, nyepesi, tupu. Ndipo wanaume wakaanza kuchimba.

Walimpata kabla ya saa sita. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la misa, limefungwa vifungo hadi shingoni. Sebuleni, chini ya bati zilizokunjika, walikuta viti vyake vyote vimepangwa kwa duara, na kigoda, na godoro limekunjwa kuwa kiti cha kukalia wawili. Alikuwa amewaandalia nafasi watu wa shirika.

Eulalie aliviangalia viti vile. Mtu alimfunika kitenge mabegani, na alipanda kwa Mapendo bila kujua anapandaje. Njiani alikuwa na hofu moja tu, ile ile ya siku zote, na iliongezeka kila hatua: mti umeng'olewa tangu asubuhi, umelala kule chini, mizizi inakauka. Alifungua mlango bila kubisha.

Akonkwa alikuwa ameketi kwenye mkeka, kikombe mikononi, uji umemchora sharubu. Eulalie alimshika paji la uso, akamshika shingo, akaweka kiganja kifuani akasubiri. Alimpaka tope kila mahali. Mtoto alikuwa na joto la mtoto, basi. Moyo wake ulikuwa unapiga vizuri. Hakuwa na tatizo lolote.

"Koko," alisema Akonkwa, akimnyooshea bibi yake kikombe, "niongezee."